TAARIFA YA TAWI: VIZA YA KWANZA NI KAZI HAPA NYUMBANI

*Kwa wanachama wote wa Tawi. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla ya kuisambaza.*



Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa tawi letu alifika kwa mwenyekiti akiwa na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na hati ya shamba la familia kule Kilifi. Hakuja kuomba msaada wa pesa. Alikuja kuuliza kama kuna mwanachama anayeweza kulinunua lile shamba haraka, kwa sababu ajenti alikuwa amempa siku kumi alipe shilingi 600,000, la sivyo nafasi ya mwanawe ya kwenda Ujerumani apewe mwingine. Kijana huyo ana diploma ya uhandisi wa vifaa vya matibabu. Alihitimu vizuri. Tangu amalize, kazi yake imekuwa kutengeneza simu mjini.

Tulimsihi mama arudi na hati yake nyumbani atupe siku tatu. Kamati ikakaa, ikasoma sheria zenyewe, ikawauliza wanaojua. Tuliyoyapata yanahusu nyumba nyingi katika tawi hili, ndiyo maana tumeamua kuyaandika badala ya kumnong'oneza mama mmoja.

*MSIMAMO WETU KWA UFUPI*

*Moja.* Mhandisi au fundi wa vifaa vya matibabu anayetaka kufanya kazi ng'ambo ana haki ya kwenda. Tawi halitamzuia wala halitamwita msaliti.

*Mbili.* Njia ya kwenda Ujerumani imeandikwa katika sheria ya Ujerumani. Iko wazi kwa kila anayetimiza masharti, na hakuna ajenti aliyeshika ufunguo wake.

*Tatu.* Sharti linalowakwamisha vijana wetu wengi ni kukosa kazi ya fani yao hapa hapa. Kaunti isiyowaajiri inawafungia milango miwili kwa mpigo, wa nyumbani na wa nje. Hilo tutalisema, awe mwenye ofisi ni wa chama kingine au ni wa chama chetu.

*MKATABA WA BERLIN*

Tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani kwa Chansela Olaf Scholz, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba kuhusu uhamiaji na kazi mjini Berlin. Saa hizo hizo ikaenea habari kwamba Ujerumani itawachukua Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha waziwazi. Mkataba hauna idadi yoyote ndani yake.

Lakini ujumbe ule haujafa. Mpaka leo unazunguka katika makundi yetu, umepambwa kwa bendera mbili na namba ya simu chini yake. Ndugu wanachama, mkataba ule unahusu ushirikiano wa serikali mbili, pamoja na kuwarudisha nyumbani Wakenya wasio na kibali cha kukaa kule. Haumpi mtu yeyote nafasi. Kila anayekwenda bado anapimwa mmoja mmoja kwa sheria ya Ujerumani. Kwa hivyo anayekwambia "tuna nafasi 200 ndani ya mkataba" anakuuzia kitu ambacho hakipo.

*NJIA YENYEWE*

Ujerumani ilitunga sheria ya uhamiaji wa wenye ujuzi, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2020, kisha ikalegezwa kwa awamu kuanzia Novemba 2023 hadi Juni 2024. Kwa watu wa vifaa vya matibabu, milango mitatu ndiyo ya kuijua.

*Wa kwanza ni wa mwenye shahada.* Kibali chake kinaitwa Blue Card. Unahitaji shahada inayotambuliwa kule, na mkataba wa kazi wa angalau miezi 6 unaolingana na masomo yako. Mshahara lazima ufike kiwango kinachowekwa kila mwaka. Kwa mwaka 2026 kiwango cha kawaida ni euro 50,700 kwa mwaka. Uhandisi uko katika fani zenye upungufu wa watu, hivyo kiwango chake ni cha chini, euro 45,934.20. Aliyehitimu ndani ya miaka 3 iliyopita naye anatumia kiwango hicho cha chini.

Kujua kama chuo na shahada yako vinatambuliwa, angalia kwenye hifadhi ya anabin, ambayo iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Kama shahada yako haimo, unaomba ithibati kwa ofisi ya ZAB, ambayo ada yake ni zaidi kidogo ya euro 200.

Mwenye Blue Card anaweza kwenda na mke au mume, na huyo hadaiwi cheti cha Kijerumani ndipo apewe viza. Baada ya miezi 27 mwenye kadi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, au miezi 21 akiwa amefika ngazi ya B1 ya lugha.

*Wa pili ni wa mwenye diploma na uzoefu.* Huu ndio mlango wa kijana wetu, na ndio ambao maajenti hawautaji. Sheria inamruhusu mtu mwenye mafunzo ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali ya nchi yake, hata kama Ujerumani yenyewe haijavilinganisha vyeti vyake na vya kwao. Lakini lazima awe amefanya kazi ya fani hiyo angalau miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita, na apate mkataba wa mshahara usiopungua euro 45,630 kwa mwaka, kwa kiwango cha 2026.

Rudieni hapo. Miaka 2 ya kazi *ya fani hiyo*. Kutengeneza simu hakuhesabiwi, hata uwe fundi hodari namna gani.

*Wa tatu ni wa kwenda kutafuta kazi kule kule.* Unaitwa Chancenkarte, ulianza tarehe 1 Juni 2024. Unapewa hadi mwaka mmoja wa kutafuta, na ruhusa ya kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Unahitaji mafunzo yanayotambuliwa nchini mwako, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, na pointi 6 zinazotokana na umri, lugha, uzoefu na mengineyo.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu hawaambiwi. Kwa kawaida lazima uonyeshe fedha za kujikimu, na kiwango kilichowekwa 2025 ni euro 1,091 kwa kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni euro 13,092, yaani karibu shilingi milioni mbili. Fedha hizo zinabaki zako, lakini lazima ziwepo. Kwa nyumba nyingi za tawi hili mlango huu haufai. Afadhali mtu atafute mkataba wa kazi akiwa hapa hapa nyumbani, kwa sababu milango ile miwili ya kwanza haidai akiba kama hiyo.

Sasa piga hesabu. Ada ya viza ya kitaifa ni euro 75. Ukiongeza ithibati ya shahada unafika takriban euro 280, zaidi kidogo ya shilingi 40,000. Gharama nyingine ni masomo ya lugha, tafsiri ya vyeti na nauli, na hizo unamlipa mwalimu, mfasiri na shirika la ndege, ukapewa risiti yako. Zile 600,000 za ajenti zilikuwa za nini?

Wapo watakaouliza habari za Uingereza na Marekani. Uingereza ilipandisha kiwango chake cha kawaida cha mshahara hadi pauni 41,700 mwezi Julai 2025, na ikaondoa kazi nyingi za chini ya ngazi ya shahada. Marekani, viza ya H-1B ina nafasi 65,000 kwa mwaka na nyingine 20,000 za waliopata shahada za uzamili kule, na hutolewa kwa bahati nasibu. Septemba 2025 rais wao akatia sahihi tangazo la kudai dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Hatusemi milango hiyo imefungwa. Tunasema kwa mhandisi kijana wa Pwani, Ujerumani ndiyo yenye masharti yanayosomeka.

*WAAJIRI WANATAKA NINI*

Mmeona majina ubavuni mwa mashine zilizo hospitalini kwetu. Dräger, watu wa mashine za kupumulia na za usingizi, wako Lübeck. Fresenius Medical Care wanatengeneza mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Siemens Healthineers wako Erlangen, na mji wa Tuttlingen unaishi kwa vifaa vya upasuaji. Hospitali nazo zinaajiri, kwa sababu sheria ya kule inazilazimu kupima usalama wa vifaa kwa vipindi maalumu.

Tangu tarehe 26 Mei 2021 Ulaya inatumia kanuni mpya ya vifaa vya matibabu, namba 2017/745, na imeongeza kazi ya uthibitisho na kumbukumbu kila mahali. Kijana anayejua kiwango cha ISO 13485 cha ubora, ISO 14971 cha kupima hatari, na IEC 62353 cha kupima kifaa baada ya kukitengeneza, anazungumza lugha moja na mwajiri kabla hata ya kufungua mdomo kwa Kijerumani.

Kwa hivyo tunawaomba vijana wote mlio kazini au katika mafunzo ya vitendo, wekeni daftari. Andika tarehe, aina ya mashine, hitilafu, ulichofanya, kipimo ulichopata baada ya kutengeneza, na sahihi ya mkuu wako. Daftari la miaka miwili lina uzito kuliko barua kumi za sifa.

Na lugha. Sheria ya Blue Card haidai Kijerumani, lakini muuguzi wa zamu ya usiku anayekuita kwa sababu mashine inapiga kengele atakuita kwa Kijerumani. Lengeni B1. Goethe-Institut ya Nairobi inafundisha na kutahini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

*DALILI ZA TAPELI*

Tuwe waadilifu: si kila ajenti ni mwizi. Wako wenye leseni ya serikali, na orodha yao iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Omba namba ya leseni, kisha uihakikishe mwenyewe. Lakini ukiona haya, simama:

Hakutaji jina la mwajiri. Mwajiri hajakuhoji hata mara moja, hata kwa video. Unaambiwa ulipe kwa simu ya mtu binafsi. Unapewa siku chache. Anataka kukaa na pasipoti yako. Anakuahidi viza, wakati viza inatolewa na ubalozi peke yake.

Ajenti wa mama yetu alikuwa na dalili nne kati ya hizi. Zile siku kumi zilipokwisha, hakumpa nafasi mtu mwingine. Alipiga simu tena akashusha bei hadi 300,000. Njia ya mwongo ni fupi.

*SWALI LA MUUGUZI*

Kikao cha kamati hakikuwa cha makofi. Mwanachama mmoja, muuguzi katika hospitali ya umma hapa Pwani, alisimama akasema: "Mkimsaidia huyu aende, nani atakuja kuiwasha mashine yetu? Imefunikwa shuka tangu mwaka jana. Wagonjwa tunawaandikia waende kwa mwenye pesa."

Chumba kilinyamaza, na ilikuwa haki kinyamaze. Swali lile halijibiwi kwa kusema kwamba wahamiaji hutuma pesa nyumbani. Pesa zinazotumwa hulipa karo na kodi ya nyumba, lakini haziwashi mashine.

Jibu tulilofikia ni hili. Kijana yule tayari hayuko kwenye mashine ile. Hayuko Ujerumani wala hayuko hospitalini, yuko kwenye meza ya simu. Nchi ilimsomesha miaka mitatu, ikamwacha. KMTC inatoa mafundi wa vifaa vya matibabu, na vyuo vyetu vikuu vinatoa wahandisi wa fani hiyo. Mwaka 2020, korona ilipoingia, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walibuni mashine ya kusaidia kupumua. Akili ipo. Ajira ndiyo haipo.

Tukumbuke pia tulikotoka. Kuanzia 2015 serikali ya kitaifa ilikodisha mashine kwa miaka saba, kwa angalau hospitali mbili katika kila kaunti, na matengenezo yakawa juu ya kampuni zilizozileta. Seneti iliuchunguza mpango huo na mwaka 2020 ikatoa ripoti yenye lawama kali. Sisi tuna lawama moja ya kuongeza. Matengenezo yalipokuja yamefungwa pamoja na mashine, kaunti nyingi hazikuona haja ya kujenga karakana yake wala kuajiri watu wake. Mkataba ukiisha, fundi wa kampuni hufunga mkoba wake. Mashine hubaki, na shuka.

Sasa liwekeni swali la muuguzi kando ya sharti la mlango wa pili. Hospitali inahitaji mtu wa kuiwasha mashine. Kijana anahitaji miaka 2 ya kazi ya fani yake ili aweze kwenda. Mahitaji hayo mawili yanakutana chumba kimoja. Kijana akipewa mkataba wa miaka miwili katika hospitali ya kaunti, mashine itafanya kazi miaka miwili, na yeye atapata uzoefu unaomfungulia njia. Akiamua kubaki, heri. Akiamua kwenda, aende akiwa amemfundisha wa kushika nafasi yake, na aende kama fundi anayejua thamani yake, si kama mtu aliyeuza shamba la mama yake.

Hatudanganyani kwamba wote watarudi. Wengine hawatarudi. Lakini Katiba yetu ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na Ujerumani nayo inauruhusu tangu tarehe 27 Juni 2024, kwa hivyo anayechukua uraia wa kule halazimiki kuuacha wa huku. Mlango wa kurudi usifungwe kwa maneno yetu. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

*TUTAKAYOFANYA*

*1.* Tawi linaandikia kaunti, kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kuomba mambo matatu: orodha ya mashine zilizoharibika katika hospitali zake, idadi ya wahandisi na mafundi wa vifaa vya matibabu walioajiriwa, na nafasi zilizo wazi. Sheria inatoa siku 21 za kujibu. Jibu, au kimya, tutawaletea hapa hapa.

*2.* Tutadai kaunti ianzishe ajira za mkataba wa miaka miwili kwa wahitimu wa fani hii, wenye mshahara na msimamizi, na barua ya utumishi mwishoni. Mwakilishi wetu wa wadi ameombwa kulifikisha bungeni. Tutamuuliza amefika wapi, na mbele yenu.

*3.* Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ofisi ya Tawi itakuwa na meza ya kusoma mikataba na vyeti pamoja na wenye navyo. Hatutoi viza, hatutozi ada, hatuna uhusiano na ajenti yeyote. Kiongozi wa Tawi atakayeonekana akichukua hata shilingi kwa jambo hili, mleteni kwa kamati ya nidhamu.

*4.* Vijana wa fani hii waliomo tawini wajiandikishe kwa katibu, ili wanaosoma Kijerumani wasome pamoja na walio kazini wawafungulie wenzao nafasi za mafunzo ya vitendo.

*5.* Aliyekwisha kutapeliwa asione haya. Aje, tumsindikize kupiga ripoti polisi. Aibu ni ya aliyekula.

Kuhusu mama yetu, hati ya shamba iko kabatini mwake. Kijana ameanza kutafuta nafasi ya mafunzo ya vitendo hospitalini, na amenunua daftari. Hajapata bado. Shamba ni lake bado, na njia yake sasa anaijua.

Mwanachama aliye na mtoto katika fani hii amsomee taarifa hii leo. Na yule uliyemtumia ule ujumbe wa watu 250,000, mtumie na huu.



*Imetolewa na Kamati ya Tawi.*